Nani anapanda juu kuzibua mlizamu?

Mwaka juzi mwezi wa nne, masika yamekolea, nilikuwa nakaa chumba cha juu kabisa kwenye nyumba moja ya zamani mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa mbili, wapangaji familia tano. Usiku mmoja maji yakaanza kudondoka pembeni ya kitanda, tukaweka beseni, asubuhi yakawa mabeseni mawili, siku ya tatu mpaka sufuria la pilau likaingia kazini. Nikamwita fundi mmoja mzee, mwashi wa chokaa tokea ujana wake, akaja na msumari wa inchi sita mkononi, hana kitu chengine. Akapanda kwenye stuli, akauweka ule msumari kwenye ncha ya boriti pale inapoingia ukutani, akausukuma kwa kidole gumba. Ukazama wote. Hakugonga na nyundo, kausukuma tu kama mtu anatia kijiti kwenye mkate wa boflo.

Akanambia, "Mwanangu, boriti hii haikuoza kwa uzee, imeoza kwa maji. Twende juu nikakuoneshe." Tukapanda mpaka juu ya bati, kwenye kona ya nyumba mlizamu, ile njia ya kumwaga maji ya mvua kutoka kwenye paa, umeziba. Ndani yake mlikuwa na majani ya mwembe wa jirani, chupa ya maji ya plastiki imebonyea, kandambili ya mtoto mguu mmoja, na udongo umejaa mpaka kimti kishaota, kina majani sita na mizizi imeshaingia kwenye ufa wa ukuta. Mvua ikinyesha maji yakifika hapo hayana pa kwenda, yanarudi nyuma yanateremka ndani ya ukuta. Nikamuuliza Babu hii imechukua muda gani, akakitazama kile kimti akasema misimu miwili mitatu. Kuzibua ilichukua nusu saa.

Nimeanza na kandambili makusudi, manake tukiongea habari ya majengo ya Mji Mkongwe sote tunakimbilia Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la masultani, tunalia, tunatoleana lawama, alafu basi. Mie nadhani tukianzia kwenye mlizamu ndo tutaielewa vizuri hata Beit al-Ajaib yenyewe.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya lile jumba ilianguka, na ule mnara wa saa ukaenda nao. Mafundi wawili waliokuwa kazini walifariki. Hao ndo wa kuwakumbuka kwanza kabla ya kuongelea mnara, watu walioondoka nyumbani asubuhi wanaenda kazini. Jumba lilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, likawa la mwanzo hapa mjini kuwa na umeme, lilipigwa na mizinga ya Waingereza mwezi wa nane 1896 kwenye ile vita ya chini ya saa moja, jumba la jirani yake Beit al-Hukm likabomoka lisirudi tena, lakini Beit al-Ajaib likasimama. Yaani limehimili manuwari. Likaja kuwa ofisi za serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi likatumika kwa kazi nyengine, mwisho likawa makumbusho. Na mwaka 2012 kipande cha roshani kilianguka, makumbusho yakafungwa. Kutoka 2012 mpaka 2020 ni miaka minane, na katika miaka hiyo masika hayakusimama kusubiri hela, vuli hazikusimama, hewa ya chumvi kutoka baharini haikusimama hata siku moja. Pesa za Oman zilipokuja kazi ikaanza, lakini jengo lishachoka na likaangukia mikononi mwa mafundi waliokuja kuliokoa.

Watu wengi wanasema majengo haya yanaanguka kwa sababu ni ya kale. Hii si kweli na inatuharibia sana fikra, manake ukishasema uzee unakuwa umeshasamehe kila mtu. Kuta za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Ndo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, upana kama mita tatu hivi, manake boriti yenyewe haivuki hapo. Boriti ikiwa kavu inakaa miaka mia na zaidi. Ukuta wa chokaa nao unapumua, ukirowa unakauka, ukirowa unakauka. Adui wa nyumba hii ni maji yaliyokosa njia, ncha ya boriti ikioza inaacha kuushika ukuta, ukuta ukishakosa wa kuushika unaanza kutoka nje kidogo kidogo, mafundi wanasema umetoa tumbo, na tumbo likishatoka hapo tena hesabu ni siku. Na watu wakiona unyevu wanafanya nini, wanapiga lipu ya saruji juu ya chokaa, wanaona wametengeneza. Saruji haipumui. Maji yaliyomo ndani yanafungiwa humo, kwa nje ukuta unang'ara na rangi mpya na kwa ndani jiwe linageuka unga. Nimeona majengo ya umma yamepigwa lipu ya saruji kwa ajili ya sherehe, miaka mitatu baadae vipande vinabanduka vikubwa kama sinia.

Sasa lipo swali la nani. Baada ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, wenyewe wengi walishaondoka, zikaingizwa familia nyingi kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake. Kodi ikawa ndogo sana, na kwa wakati ule ilikuwa na maana yake, watu walikuwa wanatoka kwenye vibanda vya udongo Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, sehemu ambayo ukoloni uliitupa kabisa huku taa na mitaro mizuri ikibaki Shangani na Vuga. Mie sitaki kusikia mtu anasema enzi za Waingereza mji ulitunzwa vizuri bila ya kusema ulitunzwa upande gani. Lakini kodi ndogo ilibaki ndogo, na mwenye nyumba ambaye ni serikali hakuweka fungu la matengenezo, na mpangaji anatunza chumba chake tu, anapiga rangi chumba chake, anaweka feni chumbani kwake. Ngazi ni za nani? Bomba la maji machafu ni la nani? Paa ni la nani? Paa ndo la mtu wa juu, na mtu wa juu anasema mbona maji yanawafikia na nyinyi wa chini. Nenda kaitazame nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, pale Shangani, mlango wa nakshi ambao wageni wanapanga foleni kuupiga picha, alafu unyanyue macho uangalie juu.

Kuna hoja nyengine naisikia kila siku, hasa barazani, kwamba tumeyaacha majengo haya kwa sababu moyoni si yetu, ni ya sultani, ni ya mkoloni, ni ya matajiri wa Kihindi. Naielewa inatoka wapi na siidharau. Lakini kama hoja ingekuwa hiyo basi Mabloki ya Michenzani, yale maghorofa ya makazi ya Ng'ambo, tungeyatunza kama mboni ya jicho. Yale ni yetu hasa, Mzee Karume aliyaanzisha, wananchi walikwenda kujenga kwa mikono yao, Wajerumani wa Mashariki wakasaidia utaalamu. Na mtu aliyekaa Michenzani anajua kubeba ndoo ya maji kupanda nayo ghorofa ya tano ni kitu gani. Mabomba yanavuja kwenye kuta, chuma ndani ya zege kimeshika kutu kinapasua zege kutoka ndani. Jengo la sultani na jengo la mapinduzi yote mawili yanakufa kwa ugonjwa mmoja, kwa hiyo maradhi hayako kwenye historia ya nani alijenga, yako kwenye bajeti na kwenye orodha ya mishahara, hakuna mtu ambaye kazi yake ya Jumatatu asubuhi ni kupanda juu.

Na hapa nataka nikae kidogo, manake tunatenganisha majengo na miundombinu kana kwamba ni vitu viwili, ofisi mbili, wahandisi wawili. Fikiria umeme. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kinapata umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 1980, unatokea nchi kavu upande wa Fumba. Mwaka 2008 tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Tukapata onyo pale, onyo la wazi kabisa. Disemba 2009 ukakatika tena na safari hii tukakaa mpaka mwezi wa tatu 2010, miezi mitatu, mji mzima unanguruma majenereta na moshi umejaa vichochoroni. Waliokuwepo wanakumbuka. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 kwa msaada wa Marekani.

Umeme ukikosekana pampu za maji zinasimama. Na hata umeme ukiwepo maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, leo yapo kesho hamna, presha haifiki juu. Kwa hiyo kila mwenye uwezo anafanya nini? Anaweka tangi la plastiki juu ya paa. Lita 1000 ni tani moja. Lita 2000 ni tani mbili. Tani mbili zimekaa juu ya boriti za mkoko zilizowekwa na mtu ambaye alipiga hesabu ya sakafu ya chokaa na watu wanaoota upepo jioni, hakupiga hesabu ya tangi. Na kila tangi lina kiungio, na kila kiungio siku moja kinavuja, tone tone, mchana kutwa, hata kiangazi. Mvua unajua itakuja mwezi fulani, ila tangi linalovuja ni masika ya mwaka mzima. Nyumba za hoteli nazo zimeongeza vyoo kila ghorofa, viyoyozi vinadondosha maji kwenye ukuta wa jirani. Kwa hiyo ufa unaouona mtaa wa Hurumzi umeanzia mbali, kwenye waya na pampu ambazo watu wa uhifadhi hawazishughulikii, na mtu wa maji naye hawezi kukwambia boriti ni nini. Kaa nyumba yoyote yenye tangi juu kwa dakika kumi uangalie ukuta wa chini yake, utaona mstari wa kijani.

Cha kuuma zaidi ni kwamba mji huu ulikuwa na maji. Sayyid Barghash huyo huyo alileta maji ya bomba kutoka chemchem za huko kaskazini mpaka mjini, miaka ya utawala wake kati ya 1870 na 1888, watu wakapata maji safi bure kwenye mji uliokuwa unamalizwa na kipindupindu. Miaka mia na arubaini baadae tunamwagia maji ya tangi juu ya nyumba zake.

Pesa je? Pesa zinakuja, na watu wanafanya kazi nzuri, lazima niseme. Ile Dispensari ya Zamani pale Mizingani, jumba aliloanzisha tajiri wa Kihindi Tharia Topan mwaka 1887, lilifufuliwa na taasisi ya Aga Khan miaka ya 1990 na roshani zake mpaka leo ukizitazama moyo unatulia. Bustani ya Forodhani wakaitengeneza upya, ikafunguliwa 2009. Ukuta wa bahari wa Mizingani umejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mji umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tokea 1985, sheria zipo, wataalamu wapo na wengine nawajua ni watu wanaojitolea kupita mshahara wao. Ila zote hizo ni miradi. Mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, una jiwe la msingi, una utepe, una picha na waheshimiwa. Hujawahi kuona mheshimiwa anazindua kuzibua mlizamu. Mfadhili atakupa mamilioni ya dola ujenge upya, ila ukimwomba mshahara wa vijana sita wa kupanda juu ya mapaa kila mwezi wa pili na kila mwezi wa tisa, fomu yake haina hata pahala pa kuandika hivo. Na sisi wenyewe bajeti yetu tunaiandika kwa kufuata fomu ya mfadhili. Jengo linaachwa liharibike mpaka lifikie hali ya kustahili mradi. Tunajua sote toka skuli habari ya ufa na ukuta, tunaikariri, alafu mfumo mzima wa pesa tumeujenga uwe unalipia ukuta tu.

Wazee wetu hili walishalitatua na hawakuwa na mshauri mwelekezi. Wakfu. Mtu akijenga msikiti hakuishia kujenga, aliandika na duka la pembeni yake liwe wakfu wa ule msikiti, na shamba la minazi au la mikarafuu kule nje ya mji, kodi ya duka inunue mafuta ya taa na mkeka, nazi zikiuzwa zitie chokaa mpya kabla ya mvua. Jengo lilizaliwa na pesa yake ya kulitunza, kama mtoto anavyozaliwa na titi la mama limeshajaa. Angalia jinsi lile wazo lilivyokuwa kali, mtoaji anajua atakufa, anajua wanawe huenda wasijali, kwa hiyo anaifunga ile pesa kisheria na kidini isiweze kuliwa na kitu chengine. Karne ya 20 ilipoanza Waingereza wakauingiza usimamizi wa wakfu kwenye kamisheni ya serikali, na kamisheni ipo mpaka leo, ila kodi za nyumba nyingi za wakfu zilibaki za zamani wakati bei ya chokaa na boriti na fundi inapanda, kwa hiyo lile duka halina tena uwezo wa kulilisha jengo lake. Mfumo haukushindwa wenyewe, uliwachwa ukondeane.

Sasa nchi yenye wageni zaidi ya laki sita kwa mwaka, ndo walivofika mwaka 2023, haiwezi kusema haina pa kutoa pesa ya kuzibua mlizamu. Wengi wa wageni hao wanapita Mji Mkongwe angalau siku moja, wanakuja kutazama hizi hizi kuta. Mie nataka kitu kidogo kinachochosha na kisichopigiwa picha: kila jengo la umma mjini liwe na chanzo chake cha pato kilichofungwa kisheria, duka la chini, mgahawa, sehemu ya ada ya kiingilio, na pesa ile isiende mfuko mkuu ikapotea humo, ibaki kwenye lile jengo. Na kila mkataba wa mfadhili usisainiwe mpaka ukurasa wa matunzo ya miaka ishirini umeandikwa na umewekewa pesa, kama mfadhili hataki basi tumwambie ahsante, tutengeneze nusu ya jengo na nusu ya pesa iwe ya kulitunza. Na mafundi wa chokaa wapewe vijana wa kuwafundisha sasa hivi, kwa mshahara, sio kwa semina ya siku tatu na posho. Babu aliyekuja kwangu anajua kuangalia tanuu la chokaa likiwaka na kukwambia kwa rangi ya moshi kama matumbawe yameiva. Ana miaka sabini na kitu. Mwanawe anaendesha teksi uwanja wa ndege, na mie simlaumu, chokaa haikumlipa baba yake.

Nilipeleka taarifa ya ile nyumba yetu kwenye ofisi inayohusika, mara ya kwanza nikaambiwa niandike barua, mara ya pili barua haionekani, mara ya tatu kijana mmoja mpole sana akanambia kaka tunalishughulikia, ila gari la ukaguzi bovu. Nyumba yenyewe iko dakika nane kwa miguu kutoka ofisini. Sikukasirika na yule kijana, nilimuona mezani kwake faili zimefika kwenye kidevu, kila faili nyumba.

Tukakaa wapangaji wote watano kwenye ngazi siku ya Ijumaa baada ya sala, Bi mkubwa wa chini ndo aliyetuita, tukakubaliana kila familia shilingi elfu tano mara mbili kwa mwaka, na kijana wa jirani anapanda juu na brashi na ndoo. Tangi la lita 1000 tumelishusha, tumeliweka uani juu ya matofali na pampu ndogo. Mwaka jana masika tuliweka beseni pale pale pa zamani tukasubiri, asubuhi beseni likawa kavu, mke wangu akalirudisha jikoni. Lakini boriti tatu za kona ni mbovu bado, Babu kazitia mihimili ya mbao kwa muda, kaweka alama ya chaki kwenye ukuta kwa nje kupima lile tumbo. Tulipima mwezi uliopita likawa limezidi upana wa kidole kimoja.